Mafuta au wanga? Miaka mia moja ya ubishi juu ya chakula cha mkimbiaji

Msomaji, huenda jambo hili limeshakukuta. Umejiandikisha kukimbia marathoni, au hata nusu marathoni. Miezi miwili kabla ya mbio dada yako anakwambia ameacha ugali, wali, chapati na sukari, amepungua kilo nane na anajisikia mwepesi. Anakutumia video ya jamaa anayekimbia kilomita mia moja huku akila parachichi, mayai na nyama. Jioni ukienda mazoezini, kocha wa kikundi chenu anakwambia kinyume kabisa: usiku wa kuamkia mbio piga sahani ya wali iliyojaa, asubuhi kunywa chai yenye sukari na mkate. Sasa umsikilize nani?

Nilipoanza kulifuatilia swali hili nilidhani ni la juzi, limeletwa na mitandao. Kumbe lina zaidi ya miaka mia moja. Na kilichonishangaza zaidi ni kwamba wanasayansi waliobishana hawakuwa waongo wala wazembe. Kila mmoja aliona kitu cha kweli, ila alikiona kwa kipimo alichokuwa nacho mkononi wakati huo: kwanza pumzi, halafu damu, halafu kipande cha msuli. Tukivifuata vipimo hivyo kimoja baada ya kingine, utaelewa kwa nini jibu limekuwa likigeukageuka, na utajua cha kumwambia dada yako.

Kwanza hesabu kidogo: maghala mawili

Wanga unaokula, yaani ugali, wali, viazi, ndizi na sukari, huvunjwa tumboni kuwa glukosi. Sehemu ya glukosi hiyo huhifadhiwa kwenye misuli na kwenye ini kwa umbo linaloitwa glaikojeni. Hilo ni ghala la kwanza, na shida yake ni udogo. Mtu mzima hubeba takriban gramu 400 hadi 500 za glaikojeni kwenye misuli na kama gramu 100 kwenye ini. Kwa jumla hizo ni kama kilokalori 2,000. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilomita 42 hutumia kama kilokalori 2,500. Umeona tatizo lilipo?

Ghala la pili ni mafuta ya mwili. Hata mkimbiaji mwembamba wa kilo 60, mwenye mafuta asilimia 10 tu, ana kilo 6 za mafuta. Hizo ni kama kilokalori 50,000. Kwa hesabu ya karatasini zinatosha marathoni ishirini.

Hapo ndipo kishawishi kinapoanzia. Ghala kubwa limejaa, ghala dogo linaisha kilomita ya thelathini na kitu, miguu inagoma na mtu anamalizia mbio kwa kutembea. Kwa nini basi mwili usifundishwe kutumia lile kubwa? Ni swali la akili kabisa. Wa kwanza kulipima kwa makini walikuwa Copenhagen.

1920: kupima pumzi

August Krogh na Johannes Lindhard, wanafiziolojia wa Denmark, walimpandisha mtu kwenye baiskeli ya mazoezi isiyotembea, ndani ya chumba kilichofungwa ambamo hewa yote iliyoingia na kutoka ilipimwa. Mantiki yao ilikuwa rahisi na bado tunaitumia leo. Mwili ukichoma wanga tupu, kwa kila chembe moja ya oksijeni inayotumika hutoka chembe moja ya kabonidayoksaidi. Ukichoma mafuta tupu, uwiano hushuka hadi 0.7 hivi. Kwa hiyo ukipima hewa anayovuta na anayotoa mtu, unajua misuli yake inakula nini, bila hata kumgusa.

Washiriki walikula kwa siku chache chakula cha mafuta mengi, kisha wakabadilishiwa, wakala chakula cha wanga mwingi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1920: kwa kazi ileile, mwili unaotumia mafuta ulitumia nishati zaidi, kwa takriban asilimia 10, kuliko unaotumia wanga. Na washiriki wenyewe walilalamika. Kazi iliyokuwa nyepesi walipokula wanga iliwaelemea walipokula mafuta.

Naomba ukumbuke mambo mawili hapo, maana yatarudi. La kwanza ni kwamba mafuta yana gharama ya ziada. La pili ni yale maneno "siku chache".

1924: kupima damu

Aprili 1924 daktari wa moyo Samuel Levine na wenzake walisubiri kwenye mstari wa mwisho wa marathoni ya Boston, Marekani, wakiwa na sindano. Wakati wenyewe ulikuwa mzuri: insulini ilikuwa imegunduliwa Toronto miaka michache tu kabla, na madaktari walikuwa wanajifunza kupima sukari ya damu na kutambua hatari ya sukari kushuka mno.

Walichokiona kiliwashtua. Baadhi ya wakimbiaji walifika na sukari ya damu iliyoshuka sana. Hao hasa ndio waliofika wamepauka, wanatetemeka, wengine wamechanganyikiwa. Levine alikuwa ameshaona hali kama hiyo hospitalini, kwa wagonjwa wa kisukari waliozidishiwa insulini. Kumbe mkimbiaji mzima wa afya anaweza kujifikisha hapo kwa miguu yake mwenyewe!

Mwaka uliofuata walirudi na dawa rahisi. Waliwaambia wakimbiaji wale wanga wa kutosha siku ya kabla ya mbio, wakawapa na peremende za kula njiani. Safari hii sukari ya damu haikuporomoka, na watu walimaliza wakiwa na hali nzuri zaidi.

Ungetegemea dunia nzima ya riadha ikimbilie dukani kununua peremende. Haikuwa hivyo. Kwa miongo kadhaa wakimbiaji wengi waliendelea kuamini kwamba kula au kunywa njiani ni udhaifu. Mwaka 1939 watafiti wawili wa Copenhagen, Christensen na Hansen, walionyesha kwamba mtu aliyelishwa wanga kwa siku kadhaa aliweza kuendesha baiskeli kwa muda unaozidi mara mbili ule wa aliyelishwa mafuta. Waliona pia jambo dogo la ajabu. Mtu aliyekuwa hoi kabisa akipewa glukosi aliinuka na kuendelea, ingawa kipimo cha pumzi hakikuonyesha kwamba misuli yake imeanza kuchoma wanga mwingi zaidi. Wakahisi kwamba huenda sukari ile ilikuwa inauokoa ubongo, si misuli. Vita Kuu ya Pili ikaanza mwaka huohuo, na wazo lile likabaki pembeni.

1966: sindano ya Stockholm

Sasa tuje kwenye jaribio ninalolipenda kuliko yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari wa Sweden, Jonas Bergström, alifufua sindano nene ya kuchukua kipande kidogo sana cha msuli kutoka pajani kwa mtu akiwa macho. Kwa mara ya kwanza ungeweza kulichungulia ghala lenyewe, kabla ya mazoezi na baada yake.

Bergström na mwenzake Eric Hultman hawakutafuta watu wa kuwachoma. Walijichoma wenyewe. Walikaa pande mbili za baiskeli moja, kila mmoja akikanyaga pedali kwa mguu mmoja mpaka akachoka kabisa, huku mguu wa pili ukipumzika. Kisha wakala chakula cha wanga kwa siku tatu, wakichukua vipande vya misuli ya miguu yote miwili. Mguu uliopumzika haukubadilika sana. Mguu uliofanya kazi ulijaza glaikojeni karibu mara mbili ya mwenzake. Mwili ni mmoja, damu ni moja, chakula ni kilekile, lakini msuli uliochoka ulivuta akiba zaidi.

Mwaka 1967 wakishirikiana na Hermansen na Saltin walitoa namba ambazo kila mwanafunzi wa fiziolojia ya mazoezi hukutana nazo. Watu tisa waliendesha baiskeli kwa asilimia 75 ya uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni, mpaka wakashindwa kuendelea. Baada ya chakula cha kawaida walidumu wastani wa dakika 114. Baada ya siku tatu za mafuta na protini, dakika 57. Baada ya siku tatu za wanga, dakika 167. Na ukiangalia vipande vya misuli, muda huo ulipanda na kushuka pamoja na glaikojeni.

Hapo mjadala ulionekana umefungwa. Mwaka 1969 Muingereza Ron Hill alishinda marathoni ya mashindano ya Ulaya kule Athens akiwa amefuata mpango uliotokana na jaribio hilo. Cha kuchekesha ni kwamba mpango wenyewe ulianza na siku tatu za kukwepa wanga ili misuli "iwe na njaa", ndipo zikafuata siku tatu za kujishindilia wanga. Miaka ya 1980 ikaja kuonekana kwamba zile siku tatu za mateso hazikuwa za lazima: punguza mazoezi, ongeza wanga, ghala litajaa vilevile. Kuanzia hapo karamu ya tambi usiku wa kuamkia mbio ikawa desturi duniani kote.

Luteni aliyekuwa anakula nyama tu

Ngoja kwanza. Krogh alitumia siku chache. Christensen na Hansen, siku chache. Stockholm, siku tatu. Je, mwili unahitaji muda gani kuzoea?

Jibu la kwanza halikutoka maabara. Kati ya 1878 na 1880 luteni wa jeshi la Marekani, Frederick Schwatka, aliongoza msafara Kaskazini mwa Kanada kutafuta mabaki ya msafara uliopotea wa John Franklin. Waliongozana na familia za Wainuit na, chakula walichobeba kilipoisha, waliishi kwa kuwinda. Walisafiri zaidi ya kilomita 5,000 kwa miguu na sleji, sehemu kubwa kwa nyama na mafuta ya wanyama. Katika shajara yake Schwatka aliandika kwamba mwanzoni mtu anayehamia nyama ya kulungu wa barafu peke yake hujisikia dhaifu na hawezi safari ngumu, lakini udhaifu huo hupita baada ya wiki mbili au tatu.

Zaidi ya miaka mia baadaye, daktari wa Marekani Stephen Phinney aliliona hilo kama jambo la kupimwa. Mwaka 1983 alichapisha jaribio la waendesha baiskeli watano waliozoea mashindano. Waliishi wiki nne wakila chini ya gramu 20 za wanga kwa siku, kiasi unachokipata kwenye ndizi mbivu moja ndogo. Ini lilianza kutengeneza ketoni, yaani vipande vidogo vinavyotokana na mafuta ambavyo hata ubongo unaweza kuvitumia badala ya glukosi. Kabla ya wiki hizo walidumu kwenye baiskeli wastani wa dakika 147. Baada yake, dakika 151. Tofauti hiyo kitakwimu ni sawa na hakuna. Wakati huohuo misuli yao ilikuwa inatumia glaikojeni kidogo sana kuliko mwanzo.

Kwa hiyo Schwatka alikuwa sahihi: ukiupa mwili wiki kadhaa, unazoea. Lakini soma kwa makini. Watu walikuwa watano. Mmoja wao aliongeza muda kwa kiasi kikubwa, akaubeba wastani wa wengine. Na mwendo waliopimwa ulikuwa wa wastani, kama asilimia 63 ya uwezo wao. Sio mwendo wa kumkimbiza mtu mbele yako.

Wakati huohuo, kwenye sahani ya washindi

Huku kwetu hakuna aliyekuwa anasubiri matokeo ya Phinney. Wakimbiaji wa Kenya walikuwa wanashinda na wanakula. Mwaka 2004 timu iliyowajumuisha Vincent Onywera na Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya 1972, ilichapisha matokeo ya kupima kila kilichoingia kinywani mwa wakimbiaji wa kiwango cha juu wakiwa kambini. Zaidi ya robo tatu ya kalori zao zilitoka kwenye wanga: ugali, wali, viazi, mkate, na sukari nyingi kwenye chai ya maziwa. Mafuta yalikuwa kama asilimia 13 tu.

Je, hilo linathibitisha kwamba wanga ndiyo siri ya ushindi? Hapana, na mtafiti mwaminifu hawezi kusema hivyo. Majirani zao wasiokimbia nao wanakula ugali. Chakula hicho ndicho kinachopatikana, ndicho cha bei nafuu. Lakini linatuonyesha kitu cha maana: watu waliokuwa wanaongoza dunia kwa mbio ndefu walikuwa wanakula karibu vilevile kama Stockholm ilivyoshauri, bila kupewa ushauri wa Stockholm.

Profesa aliyekana kurasa zake

Hadithi ingeweza kuishia hapo kama si Tim Noakes. Huyu ni daktari na profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Cape Town, mkimbiaji aliyemaliza mara saba Comrades, ile mbio ya takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg. Kitabu chake *Lore of Running*, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1985, kilisomwa na wakimbiaji dunia nzima, na ushauri wake kuhusu chakula ulikuwa wanga, wanga, wanga.

Mwishoni mwa 2010 alibadilika. Baba yake alikuwa na kisukari aina ya 2, na yeye mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kukimbia na kula wanga kama alivyofundisha, alikutwa nacho pia. Aliacha wanga, akaanza kula mafuta na protini, akawaambia wasomaji wake wachane kurasa za lishe kwenye kitabu chake mwenyewe. Ni profesa gani mwingine unayemjua aliyefanya hivyo?

Mwaka 2013 akishirikiana na wengine alitoa kitabu cha mapishi kilichouzwa sana Afrika Kusini, na kula hivyo kukaitwa kule "banting", kwa jina la William Banting, mzika wafu wa London aliyepungua unene kwa kuacha mkate na sukari akaandika kijitabu juu yake mwaka 1863. Februari 2014 Noakes alimjibu mama mmoja kwenye Twitter kuhusu chakula cha kumwachisha mtoto ziwa. Malalamiko yakapelekwa kwenye baraza linalosimamia madaktari, na kesi ikaendelea kwa miaka. Aprili 2017 akaonekana hana hatia, na rufaa dhidi yake ikagonga mwamba mwaka 2018.

Kesi ile haikuhusu kukimbia, na kushinda kesi sio kushinda hoja ya kisayansi. Lakini ilibadilisha hali ya hewa. Kula au kutokula wanga kukawa kama ushabiki wa timu. Sababu ya Noakes nayo ilikuwa ya kweli: mtu anaweza kukimbia marathoni nyingi na bado akapata kisukari. Kosa ambalo wengi wetu tulilifanya ni kuchanganya maswali mawili. Moja ni "chakula gani kinamfaa mtu mwenye kisukari?" La pili ni "chakula gani kinampeleka mtu kasi zaidi kilomita 42?" Hakuna sababu yoyote ya kudhani yana jibu moja.

2016 na 2017: makundi mawili, yote yana haki

Mwaka 2016 Jeff Volek na wenzake, Phinney akiwa mmoja wao, walichapisha utafiti wa wanamichezo 20 wa mbio ndefu sana. Kumi walikula wanga kwa wingi. Kumi walikuwa wameacha kwa wastani wa miezi 20, yaani hapa hatuzungumzii tena siku tatu. Kundi la mafuta lilifikia kuchoma gramu 1.54 za mafuta kwa dakika, kundi la wanga gramu 0.67. Vitabu vingi vya zamani viliona gramu moja kwa dakika kama karibu na kikomo cha binadamu. Na la kushangaza zaidi, glaikojeni yao misulini haikutofautiana, kabla na baada ya saa tatu za kukimbia. Mashabiki wa mafuta walishangilia. Ila utafiti huo haukuwashindanisha. Ulipima injini, haukupima nani anafika kwanza.

Kushindanisha alikuja kukufanya Louise Burke wa Australia. Aliwakusanya Canberra wanamichezo wa kimataifa wa kutembea kwa kasi, akawagawa kwenye milo mitatu kwa wiki tatu za mazoezi makali, kisha wakashindana kilomita 10. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Waliokula wanga kila siku waliboresha muda wao kwa asilimia 6.6. Waliopangiwa wanga kwa zamu, siku nyingine mwingi na nyingine kidogo, asilimia 5.3. Wale wa mafuta, waliofanya mazoezi yaleyale na kuimarika kimwili, hawakuboresha muda wao hata kidogo. Waliochomwa walikuwa mafuta kweli, tena kwa viwango vikubwa sana. Lakini kwa mwendo uleule walihitaji oksijeni zaidi.

Unakumbuka Copenhagen 1920? Ndiyo gharama ileile. Lita moja ya oksijeni ikitumika kuchoma wanga hutoa kama kilokalori 5, ikitumika kuchoma mafuta hutoa kama 4.7. Kwenye matembezi ya jioni tofauti hiyo huioni, maana oksijeni ipo tele. Lakini mkimbiaji wa marathoni wa kiwango cha juu yuko karibu na kikomo cha mapafu na moyo wake. Kwake oksijeni ndiyo yenye uhaba, sio mafuta. Mtu wa saa 2 na dakika 5 akipoteza asilimia 3 tu, amepoteza karibu dakika nne.

Wapinzani walisema wiki tatu ni chache, na Phinney angewaunga mkono. Burke alirudia jaribio, akachapisha mwaka 2020, picha ikawa ileile.

Sasa linganisha watu wawili wa mwaka mmoja. Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 mjini Vienna kwa saa 1:59:40, sawa na dakika 2 na sekunde 50 kwa kilomita, huku akipewa njiani vinywaji vyenye wanga. Agosti ya mwaka huohuo Mmarekani Zach Bitter, anayejulikana kwa kula wanga kidogo, alivunja rekodi ya dunia ya maili 100 kwa saa 11:19:13, sawa na dakika 4 na sekunde 13 kwa kilomita. Wote wawili walikuwa sahihi. Mmoja alikimbia mwendo ambao mafuta hayawezi kuulipia. Mwingine alikimbia muda ambao ghala la wanga peke yake lisingeweza kuufikia. Na hata Bitter ameeleza wazi kwamba siku za mazoezi makali na za mbio hutumia wanga kiasi.

Kurudi Boston

Utafiti wa mwisho nitakaokutajia ulichapishwa mwaka 2025, na Noakes ni mmoja wa waandishi wake. Wanatriathloni kumi waliishi wiki sita kwa wanga mwingi na wiki sita kwa wanga kidogo sana, kisha wakafanya mazoezi mpaka kushindwa. Walidumu karibu sawa kwa milo yote miwili. Kilichobadilisha matokeo kilikuwa kitu kingine: walipopewa gramu 10 tu za wanga kwa saa, kama vijiko viwili na nusu vya chai vya sukari, sukari ya damu haikuporomoka, na walidumu muda mrefu zaidi kwa kama moja ya tano. Ilikuwa hivyo kwa waliozoea mafuta na kwa waliozoea wanga.

Gramu 10 hazitoshi kuendesha misuli ya mapaja. Zinatosha kulilinda ini na ubongo. Yaani tumezunguka miaka mia moja tukarudi kwa Levine na peremende zake, na kwa wale wawili wa 1939 waliohisi kwamba ubongo ndio uliookolewa. Washiriki ni kumi tu, kwa hiyo tusiwe na haraka. Lakini angalia kilichotokea: mtu aliyechana kurasa zake za wanga ameshiriki kuandika kwamba vijiko viwili na nusu vya sukari vinasaidia.

Basi umwambie nini dada yako?

Mwambie kwanza kwamba hajakosea. Mtu anaweza kukimbia mbali bila wanga, na wiki tatu za mwanzo ndizo ngumu. Kama lengo lake ni uzito, sukari ya damu, au kumaliza mbio kwa mwendo wa kuzungumza, njia yake ina ushahidi.

Kama wewe unataka kuboresha muda wako, kocha wako naye hajakosea. Kadiri unavyokimbia kasi, ndivyo wanga unavyokuwa na thamani, na gharama ya oksijeni iliyopimwa Copenhagen mwaka 1920 bado haijapata wa kuifuta.

Usichotakiwa kufanya ni kuacha ugali wiki moja kabla ya mbio. Hapo unapata hasara za pande zote mbili: ghala la wanga limekauka na mwili haujazoea mafuta. Zile dakika 57 za Stockholm ndizo hali yako. Na kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usiache wanga bila kuongea na daktari wako, kwa sababu dozi uliyopangiwa imehesabiwa pamoja na chakula unachokula sasa.

Na ukiwa mstari wa kuanzia, uwe wa parachichi au wa ugali, tia peremende chache mfukoni. Zimeshajaribiwa tangu 1925.